Mabati, Adamu na Mjukuu Wangu

Mzee wangu ni mtetezi wa Adamu. Sijui nani alimpa kazi hiyo. Ukigusia tu habari ya lile tunda, anaweka tonge chini, anafuta midomo, anaanza: kwamba Mungu alijua tangu mwanzo, kwamba Mungu ndiye aliyepanga, kwamba Adamu asingekula Bwana Yesu asingekuja, na sisi tungekaa tu bustanini kama maua, wazuri, wapumbavu, hatujui kusamehewa kunafananaje. Kwa hiyo, anasema mzee wangu, lile lilikuwa kosa lenye heri. Mimi humwacha amalize. Ugali ukipoa ni wake.

Lakini sikubali. Tumebishana juu ya Adamu miaka yote ya ndoa yetu, tena kwa sauti, mpaka jirani anagonga ukuta kutuuliza kama tunasali au tunapigana. Nikimjibu kwamba ni yote mawili, anacheka. Ni ndoa nzuri, sitaki mtu afikirie vingine. Ila kuna wakati ule ubishi uliacha kuwa mchezo, na huo ndio wakati ninaotaka kuusimulia.

Zamani tulikaa Gatumba, kando ya ziwa, karibu na mpaka wa kwenda Uvira. Ziwa lilipopanda na mto ukamwagika, maji yaliingia kwanza jikoni, polepole, kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Kufika asubuhi yalikuwa yamekaa kitandani. Tulihamia kwenye mahema na vitu tulivyoweza kubeba kichwani. Siku moja akaja bwana mmoja mwenye shati safi kutuhubiria. Akatuambia tusilie, mafuriko haya ni mpango mwema wa Mungu kwetu. Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza, "Na nyumba yako, baba, iko kwenye mpango? Ama mpango unaishia huku chini kwetu?" Watu wakaangua kicheko. Mzee wangu akanifinya kiuno hadi nikaona nyota, na yule bwana akafunga kwa sala fupi sana.

Maji yalipopungua nilirudi peke yangu kuangalia. Nyumba ilikuwa imekaa chini kabisa. Nikachimba kwa mikono pale palipokuwa jiko, nikatoa sufuria yangu kubwa, ile ya harusi yangu, imejaa matope lakini nzima. Ninapikia hiyo hiyo hadi leo. Mtu akiniuliza naamini nini juu ya Mungu na mabaya ya dunia, ninamwonyesha ile sufuria. Namshukuru Mungu kwa sufuria. Matope siyashukuru, na hata mniite mkaidi sitayashukuru.

Kutoka mahema tukahamia mjini, mtaa wa Buyenzi. Aliyetupokea ndiye huyo jirani anayegonga ukuta. Ni Mwislamu, babu zake walitoka Omani zamani za zamani, na familia yao imeuza vitambaa mjini hapa tangu mji wenyewe haujawa mji. Alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka vimekaa bure. Hakutuuliza dini, alituuliza kama tunakula pilipili. Tangu siku hiyo ni dada yangu.

Binti yetu, wa mwisho kuzaliwa na wa pekee wa kike, alikuwa akifanya biashara ndogo ya mpakani, ndagala, wale dagaa wa ziwani, na vitenge. Mafuriko yalimaliza hiyo nayo. Akapata kazi ya kupika katika nyumba moja ya kifahari kule Kinindo. Nyumba ile ilikuwa na dereva. Dereva alikuwa na meno mazuri na maneno mazuri zaidi. Baada ya muda binti yangu akaanza kuchukia harufu ya ndagala, na mimi mama yake sikuhitaji kuambiwa. Dereva alipoambiwa, alivuka mpaka kwenda Uvira kumpa mama yake habari, na mpaka sasa bado anampa.

Sasa nieleze kanisa letu, maana hapa ndipo penye shida. Ni kanisa dogo, ibada ni ya Kiswahili. Mzee wangu ni mmoja wa wazee wa kanisa. Mimi nafundisha darasa la wanawake siku ya Alhamisi, na nina kazi nyingine nitakayoitaja. Binti yetu alikuwa anaimba kwaya, sauti ya kwanza. Msichana akishika mimba nje ya ndoa, kwetu anatengwa: anatoka kwaya, anakaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana. Akishajifungua na akiwa tayari, anasimama mbele kutubu. Anasimama peke yake, mikono mitupu. Mtoto anabaki nyuma, ameshikwa na mama mmoja wa kanisa. Mama akishapokelewa, ndipo mtoto analetwa mbele kubarikiwa. Yule mama wa kushika watoto ni mimi. Nimewashika wengi, na wengine sasa ni vijana wananisalimia barabarani, warefu kunizidi, na mimi nakumbuka nani alinikojolea.

Kutubu kuna maneno yake. Mchungaji anayatamka, mwenye kutubu anayarudia: nimekosa mbele ya Mungu na mbele ya kanisa, ninajuta kosa langu, ninalikataa, pamoja na yote yaliyotoka ndani yake.

Hayo ya mwisho hayakuwepo zamani. Yaliingia kwa sababu ya mabati. Wakati tunajenga, ndugu mmoja aliyewekwa kulinda vifaa aliiba mabati ya kanisa, akaezekea jiko lake. Akakamatwa, akaja mbele, akalia machozi ya kweli, akatubu, akasamehewa, akarudi nyumbani kukaa chini ya mabati yetu! Alipoulizwa, akajibu kwamba dhambi imeshasamehewa, sasa mnataka nini tena? Wazee wakakaa kikao. Mzee wangu, ambaye alikuwa karani wa forodha maisha yake yote na anapenda maneno yasiyo na mlango wa nyuma, ndiye aliyetoa ile sentensi: pamoja na yote yaliyotoka ndani yake. Ndugu yule akarudia toba kwa maneno mapya, akarudisha mabati. Yako juu ya kanisa mpaka leo, yana matundu ya misumari ya jikoni kwake, na mvua ikinyesha yanadondoshea benchi la wazee.

Sentensi ikabaki. Kila aliyetubu baada ya hapo, wa pombe, wa ugomvi, wa mimba, aliisema. Wasichana waliisema mbio mbio, macho chini. Hakuna aliyeisikiliza. Binti yangu aliisikiliza.

Alikuwa amejifungua mvulana mnene, mwenye kipaji cha uso kikubwa kama cha babu yake, na mtoto alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe. Tulikuwa uani, mimi nachambua lengalenga, mchicha wetu wa huku, yeye anajaribu maneno ya toba. Akafika pale mwisho, akanyamaza.

"Hiyo ya mwisho mi sisemi," akasema.

"Kwa nini? Watu wote wanasema."

"Mama, nini ilitoka mu kosa yangu?" Akamnyanyua mtoto kwa makwapa, akanionyesha, kana kwamba simjui. "Si huyu? Sasa nimukatae mbele ya watu, halafu dakika inayofuata nimulete mumubariki? Mi nilikosa, nakubali. Nililala na mutu hakunioa, nilidanganya papa na wewe, najuta hata leo. Lakini huyu sijute. Hata mara moja."

Nikamwambia asiwe mjuaji, aseme tu, Mungu anajua anachomaanisha. Akaniangalia kwa jicho ambalo nalifahamu, kwa sababu ni langu.

"Kama Mungu anajua," akasema, "basi tusimudanganye."

Nikarudi kwenye lengalenga zangu.

Kilichoniuma ni hiki. Mzee wangu alikuwa hajamshika yule mtoto. Hata siku moja! Siyo kwamba alimchukia. Alimnunulia sabuni, alimnunulia chandarua, akipita karibu na mkeka alipunguza mwendo. Mtoto alimpenda kufa, alimnyooshea mikono kila akiingia, na mzee alikuwa akigeuka kutafuta miwani ambayo iko usoni. Nilipomkabili alinijibu, "Mi ni muzee wa kanisa. Nitashika je mutoto kanisa haijamupokea? Watasema nini?" Kwa hiyo mambo yalikuwa yamefungana: bila ile sentensi hakuna kupokelewa, bila kupokelewa hakuna baraka, bila baraka mtoto anakua nyumbani kwangu anamnyooshea mikono mtu asiyemchukua. Na binti yangu hatasema. Niliumia kweli.

Alhamisi ile, kama kwa makusudi, somo la darasa lilikuwa Mwanzo, kuanguka kwa Adamu. Sijamaliza kusoma, mama mmoja muuza mkaa akauliza, "Kama Adamu hangekula, Yesu angekuja?" Darasa likawaka. Wengine wakasema asingekuja, kwa hiyo tumshukuru Adamu. Wengine wakasema astahili fimbo. Nikawaambia, "Sikieni. Ukishikwa malaria ukapona, unamshukuru daktari. Humshukuru mbu."

"Lakini bila mbu hungemjua daktari," akanijibu mwuliza swali, na wakacheka wote, wakanipigia makofi ya kunizomea. Nilicheka nami. Nikiwa njiani kurudi nilikuwa nimenuna.

Nyumbani nikamkuta mzee wangu mezani, nikamsimulia, na hilo ndilo kosa nililofanya, maana alifurahi kupita kiasi. Akaweka tonge chini. Akaanza. Mungu alipanga, kosa lenye heri, tazama mema yaliyotoka ndani yake! Alisema hivyo hivyo, yaliyotoka ndani yake, kwa kinywa chake mwenyewe, huku mtoto amekaa mkekani anamtazama kwa mapenzi yote ya dunia.

Sikujizuia. "We muzee," nikamwambia, "Adamu ni nani yako? Mumezaliwa naye? Dhambi ya Adamu iliharibu dunia nzima, we unaiona ina heri. Ya mutoto wako ilituletea huyu tu, huyu hapa, mwenye kipaji chako, na unapita kando yake kama unapita kando ya mbwa! Mi ninayesema kosa halikuwa zuri, mi namubeba. We unayesema kosa lilikuwa na heri, humushike. Nieleze. Nina muda."

Aliinuka, akavaa kofia, akatoka, na tonge lake likabaki kwenye sahani. Nilijuta kidogo kwa ukali, siyo kwa maneno.

Nikaenda dukani kwa jirani nikaketi katikati ya vitambaa na kulalamika. Yeye hunisikiliza huku anakunja. Nikamwuliza kwao wanasemaje juu ya Adamu. Akasema kwao Mungu alishawaambia malaika kwamba anamweka mwakilishi wake duniani, kabla tunda halijaliwa. Adamu akakosa, akaomba toba, akasamehewa pale pale, akateremka kwenda kazini. "Kwisha," akasema.

"Kwisha hivyo tu?"

"Ulitaka nini tena?"

Nikamwuliza swali lililokuwa likinikera tangu mahema. "Dada, kama Gatumba isingezama, mi na we tusingejuana. Binti asingefanya kazi Kinindo. Huyu mutoto hangezaliwa. Basi Mungu aliizamisha Gatumba ili haya yote yawe?"

Aliacha kukunja. "Astaghfirullah! Mungu anahitaji maji ya kuua nyumba za watu ili anipe jirani? Angeweza kukutuma dukani kununua kanga." Akanirushia kipande cha kitambaa kilichobaki, cha kumshonea mtoto kofia. Nilirudi nyumbani nimetulia.

Jumapili ya toba ikafika. Mafuta yalikuwa yameadimika mjini, mchungaji wetu alikuja kwa miguu toka Kigobe, akaingia kanisani shati limemganda mgongoni. Mzee wangu alikuwa amelipiga pasi koti lake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Binti yangu alivaa kitenge cha kijani. Mlangoni alinipa mtoto. "Utasema?" nikamwuliza. Akanijibu, "Mama, omba tu."

Nikakaa nyuma, benchi langu la miaka yote, mtoto mapajani. Nimeshika watoto wa watu pale bila moyo kunienda mbio. Siku ile ulinienda.

Mchungaji akamwita. Akasimama mbele, mikono mitupu, mgongo umenyooka. "Nimekosa mbele ya Mungu na mbele ya kanisa," akarudia, sauti ile ya kwaya, ikafika kila kona. "Ninajuta kosa langu." Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kuigiza. "Ninalikataa."

Akanyamaza. Mchungaji akatamka yaliyobaki. Akayatamka tena, polepole, akidhani hakusikia. Tulisikia mabati yanavyolia kwa jua. Wanawake wa darasa langu wakageuka kuniangalia. Mtoto, aliyesikia sauti ya mama yake ikikatika, akaanza kuguna.

Mzee wangu akasimama kutoka benchi la wazee.

Nikasema moyoni, Mungu wangu, anakwenda kumkemea mbele ya watu. Lakini hakwenda mbele. Alishuka na njia ya katikati, anakuja kwangu, uso wake siuelewi, mimi niliyeusoma maisha yangu yote. Akafika. Akanyoosha mikono.

"Nipe," akasema.

Nikampa. Alimshika vibaya, kama gunia la unga, miguu inaning'inia, na mtoto hakujali hata kidogo, akamkamata sikio. Wakarudi mbele hivyo. Mzee akasimama kando ya binti yake, akamtazama mchungaji, akakohoa.

"Ile sentensi ni mi niliiweka," akasema. "Niliiweka sababu ya mabati. Mabati yako pale juu, tuliyarudisha." Akanyoosha kidole kwenye paa, na nawaambia, kanisa zima liliinua macho. "Huyu apana mabati. Huyu mutoto. Hatumurudishe kwa mutu. Binti yangu amemaliza kutubu. Mumupokee."

Mchungaji akatazama wazee. Wazee wakatazama paa. Halafu nikasikia vigelegele, na vigelegele kwetu hupigwa wakati wa baraka, havijawahi kupigwa wakati wa toba, hata siku moja. Alikuwa yule muuza mkaa. Wengine wakamfuata, nami nikajaribu, lakini nilikuwa nalia vibaya, hakuna kilichotoka. Mtoto alibarikiwa akiwa mikononi mwa babu yake, kwa sababu babu yake hakumwachia mtu. Kikao cha wazee kiliiondoa ile sentensi kwa wote, isipokuwa, alisisitiza mzee wangu, kwa wezi.

Tulirudi kwa miguu, jua kali, yeye mbele na mtoto. Nilikuwa nyuma na binti yangu, nikimtazama jinsi anavyombana kifuani, mikono yote miwili, kana kwamba ataanguka. Na hapo ndipo nilipomwelewa yeye na Adamu wake. Huyu mtu haipendi dhambi kuliko mimi. Anaogopa tu kwamba kuna kitu kiliwahi kumponyoka Mungu. Anataka kusikia kwamba hata siku ile ya tunda hakuna kilichoanguka chini kabisa. Mimi nilichimba sufuria yangu kwa mikono, kwa hiyo najua kwamba vitu huanguka, na najua pia kuna anayekuja kuchimba. Labda tunaongea habari moja. Sikumwambia, angejisifu mpaka Krismasi.

Jirani alikuwa ametuwekea sahani ya pilau mlangoni, imefunikwa. Tukakaa. Mzee wangu akala kwa mkono mmoja, mtoto kwenye goti, na kabla hajameza vizuri akaanza: "Unaona sasa? Mi nilikuambia. Adamu asingekula..."

"Adamu alikosa," nikamwambia. "Kula pilau."

Mtoto akaanza kulia njaa. Binti yangu akanyoosha mikono amchukue amnyonyeshe.

"Ngoja," akasema babu yake, akamgeuzia bega. "Ngoja kidogo."